Barua zilizotiwa sahihi "Steve": uchambuzi wa kisa cha Stephanie Shirley

Mwaka 1962, katika nyumba ndogo karibu na Chesham, kaskazini-magharibi mwa London, mwanamke ambaye hajafikisha miaka 30 alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta. Mtaji wake ulikuwa pauni 6. Ofisi ilikuwa meza ya chakula, na simu ilikuwa ile ya nyumbani. Kompyuta hakuwa nayo. Enzi hizo kompyuta moja ilijaza chumba kizima, na bei yake ilizidi thamani ya nyumba aliyokuwa akiishi. Mwanamke huyo ni Stephanie Shirley. Kampuni aliiita Freelance Programmers, yaani waandishi wa programu wanaolipwa kwa kazi, bila ajira ya kudumu.

Nafundisha wasichana wanaoanza kuandika programu, na maswali wanayoniletea nayajua kwa moyo. Nianze na lugha gani? Laptopu ya kiasi gani itatosha? Hesabu zangu ni dhaifu, nitaweza? Swali ambalo hawaniulizi ni lile litakalowakuta wakifika miaka 28 au 30: nitaendeleaje na kazi hii nikishapata mtoto? Hawaulizi kwa sababu mlango wa kuingilia ndio unaozungumzwa kila mahali, kwenye mafunzo, mashindano na ufadhili. Mlango wa kutokea hauzungumzwi, na wanawake wanaoijua kazi hupitia hapo mmoja mmoja, kimya kimya. Kisa cha Shirley kina thamani kwangu kwa sababu aliuona mlango huo wa pili akaamua kusimama pale pale.

Treni ya watoto, na darasa la wavulana

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, akaitwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji, Myahudi. Utawala wa Hitler ukamwondoa kazini. Familia ilihama huku na huko hadi Vienna. Julai 1939, Vera akiwa na miaka mitano, wazazi walimpandisha yeye na dada yake wa miaka tisa kwenye moja ya treni zilizokuwa zikiwatorosha watoto kwenda Uingereza. Watoto wapatao 10,000 waliokolewa kwa njia hiyo kabla vita havijaanza, na wengi wao hawakuwaona wazazi wao tena. Vera aliwaona wake baadaye, ila kile kinachomfunga mtoto kwa mzazi kilikuwa kimeshakatika. Aliokuja kuwaita mama na baba ni mume na mke wa Kiingereza waliomlea katikati ya Uingereza.

Yeye mwenyewe alirudia mara nyingi, hadi uzeeni, kwamba alifanya juhudi maishani ili aonekane alistahili kuokolewa. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu wapo wanaosimulia maisha yake kama ya mwanamke aliyezaliwa na ujasiri wa ajabu. Mimi naona mtoto aliyejifunza mapema kwamba mahali pa kukaa hupewi bure, na kwamba kesho inaweza kuja bila kufanana na leo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "haiwezekani" haoni kama jambo limekwisha.

Shuleni alipenda hesabu. Shule ya wasichana aliyosoma haikufundisha hesabu za kiwango alichofikia, kwa hiyo ikabidi aombewe ruhusa ya kwenda kusoma katika shule ya wavulana ya mji huo. Akawa anapita katikati ya wavulana wanaompigia miluzi ili akasome kanuni zilizowahusu na wao pia. Alipofika wakati wa chuo kikuu, sayansi aliyoiona imefunguliwa kwa wasichana ilikuwa elimu ya mimea. Akakataa. Akaamua kutafuta kazi kwanza, hesabu atazifuata kwa njia nyingine.

Posta yenye kompyuta

Mwaka 1951, akiwa na miaka 18, alipata uraia wa Uingereza, akabadili jina kuwa Stephanie Brook, na akaingia kazini katika kituo cha utafiti cha Idara ya Posta kilichokuwa Dollis Hill, London. Msomaji asishangae posta kuwa na watafiti wa elektroniki. Uingereza ya wakati huo, kama ilivyokuwa kwetu enzi za Posta na Simu, iliweka barua na simu chini ya paa moja, na simu zilihitaji wahandisi hodari. Dollis Hill ndipo Tommy Flowers na wenzake walipojenga Colossus, mashine ya elektroniki iliyosaidia kufumbua mawasiliano ya siri ya majemadari wa Hitler kuanzia mwaka 1944. Jambo hilo lilifichwa hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo binti huyu alikuwa akipishana kwenye korido na watu waliojenga moja ya kompyuta za kwanza kabisa duniani, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia.

Hapo ndipo alipojifunza kuandika programu. Hakukuwa na chuo cha kufundisha fani hiyo, wala cheti. Programu ziliandikwa kwa lugha ya mashine yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na aliyeandika alipaswa kujua mashine imeungwaje. Mchana alifanya kazi, jioni alikwenda darasani. Alisoma hivyo kwa miaka sita hadi akapata shahada ya hesabu mwaka 1956. Wanaosoma jioni huku wameajiriwa wanaijua miaka sita ya namna hiyo: unafika nyumbani wengine wamelala, na Jumamosi si siku ya mapumziko.

Mishahara haikuwa sawa. Serikalini, mwanamke alilipwa pungufu kuliko mwanamume kwa kazi ile ile. Usawa ulianza kuletwa kidogo kidogo mwaka 1955 na kukamilika 1961. Hata hivyo kilichomchosha zaidi si fedha. Kila alipoonyesha kwamba anataka kupanda, waliokuwa wakimsifu kwa uhodari wake walianza kumwona msumbufu. Mwaka 1959 aliolewa na Derek Shirley, mwanafizikia wa pale pale, akahamia kampuni ndogo iliyobuni kompyuta. Huko nako alipewa kazi nzuri ya kiufundi, lakini maamuzi ya biashara yakawa ya wengine.

Tuangalie hali yake ilivyokuwa mwanzoni mwa 1962. Ana ujuzi ambao watu wachache mno nchini wanao. Ana shahada. Ana zaidi ya miaka kumi kazini. Na pale alipofika, njia imezibwa. Wanawake wenzake aliojifunza nao kazi hii wako nyumbani. Waliacha walipoolewa au walipojifungua, kwa sababu ndivyo ilivyotarajiwa, na kwa sababu hakuna mwajiri aliyekuwa na kazi ya saa chache au ya kufanyia nyumbani. Ujuzi uliogharimiwa na serikali na kampuni kubwa ulikuwa umekaa majumbani, na hakuna aliyeuhesabu kuwa mali.

Yeye aliuhesabu. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Kuuza kitu kinachotolewa bure

Alipotangaza kwamba atauza programu, watu walicheka. Wakati huo programu ilikuja na mashine kama kamba inavyokuja na mzigo. Nani anunue kamba peke yake? IBM yenyewe, kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani, haikutangaza kutenganisha bei ya programu na bei ya mashine hadi mwaka 1969. Na hata kama programu ingenunuliwa, nani angeinunua kwa mwanamke?

Aliandika barua nyingi kwa kampuni zilizokuwa na kompyuta, akieleza anachoweza kuwafanyia. Chini aliweka sahihi: Stephanie Shirley. Majibu hayakuja. Mumewe ndiye aliyependekeza ajaribu jina la utani alilokuwa nalo nyumbani. Akaandika barua zile zile, akasaini "Steve Shirley". Majibu yakaanza kuja, na miadi ikapatikana. Mteja alipomwona anaingia mlangoni akagundua Steve ni mwanamke, tayari amekwisha mkaribisha.

Wanaosimulia kisa hiki hukiishia hapo, kana kwamba jina la kiume ndilo lililomfikisha. Sikubaliani nao, ingawa ninaelewa kwa nini sehemu hii inavutia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Steve ilikuwa ni kuinama. Jina lilimpatia dakika ishirini za kusikilizwa. Baada ya hapo alihitaji kitu cha kuweka mezani. Inaniuma kwamba ujuzi wa miaka kumi haukumpatia hizo dakika ishirini na herufi tano zilimpatia. Nikiishia kwenye jina, nitakuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kujificha, na nitakuwa nimeruka kazi kubwa aliyoifanya mwanamke huyu, ambayo ni kubadili mpangilio wenyewe wa kazi.

Kazi ilivyogawanywa

Ili kuelewa alichokifanya, lazima tujue programu ilivyoandikwa miaka ya 1960. Mwandishi hakukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Alikaa na penseli na karatasi. Kwanza alichora mchoro wa hatua: anza hapa, kama jibu ni ndiyo nenda kule, kama ni hapana rudi nyuma. Kisha akaandika maagizo kwenye fomu zenye visanduku, herufi moja kwa kisanduku. Fomu zilitumwa kwa posta kwenda kituo cha data, ambako makarani walizitoboa kuwa matundu kwenye kadi au utepe wa karatasi. Zikatobolewa tena mara ya pili ili kulinganisha, maana tundu moja likikosewa kazi yote imeharibika. Baada ya hayo yote ndipo kompyuta ilipoguswa.

Shirley aliutazama mlolongo huo akaona jambo ambalo waajiri hawakuliona, ingawa lilikuwa mbele ya macho yao: sehemu ndefu kuliko zote, ile ya kufikiri na kuandika, haikuhitaji kompyuta kabisa. Ilihitaji meza, utulivu wa saa kadhaa, na mtu anayejua. Kwa nini basi mtu huyo alazimishwe kukaa ofisini mjini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni?

Akawaita wale wanawake waliokuwa nyumbani. Kati ya maswali aliyowauliza waombaji, moja lilikuwa hili: una simu unayoweza kuitumia? Simu ya nyumbani haikuwa ya kila mtu. Nilipolisoma swali hilo nilicheka peke yangu, maana leo ningeuliza: una bando, na umeme unakatika mara ngapi? Kazi ya mbali daima ina kitu kimoja kidogo kinachoibeba, na asiye nacho amebaki nje hata akiwa na akili kuliko wote. Shirley alijua kitu hicho ni kipi, akakiulizia wazi, na hilo linaonyesha alivyokuwa makini.

Tatizo lililofuata lilikuwa bei. Mteja wa wakati huo alizoea kulipia saa. Na saa za mwanamke aliye nyumbani na watoto zinahesabikaje? Amefanya kazi mtoto alipolala, ameacha ili amwogeshe mtoto, amerudi usiku. Mteja akizisikia saa hizo ataona uzembe, hata kama kazi ni safi. Shirley akaamua kuuza kazi nzima kwa bei moja iliyopatanwa kabla. Hii ndiyo programu unayotaka, hii ndiyo bei, hii ndiyo siku utakayoipata. Imeandikwa na nani, saa ngapi, akiwa amevaa nini, hayo hayakuwamo tena katika mapatano. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza programu namna hiyo.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ndiyo sababu nakaa hapa kuliko kwenye sahihi. Bei ya kazi nzima ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Iliyafunika maisha ya nyumbani, ambayo mteja angeyadharau. Vile vile ilimhamishia mwenye kampuni hatari yote: akikadiria vibaya, hasara ni yake. Ili asikadirie vibaya alilazimika kujua kila kazi inachukua muda gani, nani anaweza nini, na ugumu uko wapi kabla haujamkuta. Kwa hiyo kampuni ya wanawake wa majumbani ikalazimika kuwa na nidhamu ya usimamizi kuliko kampuni zenye maghorofa. Waliandika viwango vya kusimamia kazi za programu, na viwango hivyo baadaye vilitumiwa hata na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi.

Wateja walipiga simu nyumbani kwake mtoto akiwa analia. Akarekodi kwenye utepe sauti ya mashine ya chapa ikigonga, na simu ikilia anaufungulia, ili anayepiga adhani ofisi imejaa makarani. Sitaki kuufanya mkanda huo kuwa kichekesho. Mama yeyote aliyewahi kujifungia chooni na simu ya kazi ili mtoto asisikike anajua kwamba si mchezo. Mimi nimeshawahi kufanya hivyo, na nilikuwa nikisikia aibu ambayo haikuwa haki yangu kuisikia.

Kazi zilikuja. Ratiba za treni za mizigo, ratiba za mabasi, hesabu za bidhaa ghalani. Halafu ikaja Concorde, ndege iliyozidi mwendo wa sauti, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Programu ya kinasa safari chake, kile ambacho watu hukiita kisanduku cheusi, iliandikwa na wanawake wa Shirley kila mmoja akiwa kwake. Mmoja wao ni Ann Moffatt, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa ufundi wa kampuni. Ipo picha yake ya miaka ya 1960 akiwa ameketi kwenye meza nyumbani, karatasi mbele yake, na mtoto mchanga pembeni. Nimewaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo. Mmoja aliuliza huyo mama anafanya hesabu za duka gani.

Waliobaki nje, na gharama ya uhuru

Sitakuwa mwaminifu nikisifu tu. Mpango wa Shirley uliwachukua wanawake ambao tayari walikuwa wamefundishwa na waajiri wengine. Msichana asiyejua chochote hakuwa na pa kuanzia pale. Kampuni iliokota matunda ya mti ambao haikuupanda. Ikiwa waajiri wakubwa wangeacha kuwafundisha wanawake, chemchemi ingekauka. Anayetaka kuiga mpango huu Dar es Salaam au Nairobi leo akumbuke hilo. Huwezi kuwarudisha kazini watu ambao hawakuwahi kuingizwa kazini.

Jingine ni lile neno lililomo kwenye jina la kampuni. Kulipwa kwa kazi maana yake kazi isipokuwepo hulipwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Uingereza ulipolegea, kampuni zilikata kwanza kazi za nje, na Freelance Programmers ilikaribia kuzama. Uhuru wa kupanga saa zako ulikuwa na upande wa pili: hakuna likizo ya malipo, hakuna mshahara wa mwezi wa njaa. Mwenye mume aliyeajiriwa aliweza kuvumilia. Aliye peke yake na watoto, mpango huu ulimpa nusu tu ya alichohitaji. Vijana wetu wengi wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa mbali wako katika hali hiyo hiyo, na wengi huambiwa habari za uhuru kabla ya kuambiwa habari za mwezi mtupu.

Giles

Mwaka mmoja baada ya kuanzisha kampuni, Shirley alijifungua mtoto wa kiume, Giles. Mtoto alikua vizuri, akaanza kusema maneno machache. Kisha, akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yale maneno yakapotea na hayakurudi. Alikuwa na usonji mkali, na baadaye kifafa kikaongezeka.

Kampuni iliyoanzishwa ili mama aweze kulea huku akifanya kazi ikajikuta inaongozwa na mama ambaye malezi yake hayakuwa na ratiba yoyote. Mtoto wa kawaida hulala, huenda shule, hukua akakupa nafasi. Giles hakuwapa wazazi wake nafasi hiyo. Alipobalehe nguvu zikamzidi mama yake, na Shirley naye akaelemewa hadi akalazwa hospitali. Giles alipelekwa kwenye hospitali ya kukaa muda mrefu, akakaa miaka 11. Mama aliyetenganishwa na wazazi wake akiwa na miaka mitano, sasa alikuwa akimwacha mwanawe hospitalini na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Wapo wanaolisimulia jambo hili kama pembeni ya habari ya biashara. Mimi naona bila Giles kisa hakieleweki. Kwanza, linatuonyesha mwisho wa mpango wowote wa kazi za saa za hiari: kuna malezi ambayo hayatoshei ndani ya saa za hiari, yanahitaji shule, nyumba za kutunzia, watu waliofunzwa. Saa zikipangwa vizuri namna gani, pengo hilo hazilizibi. Pili, fedha alizopata baadaye zilikwenda huko huko. Alianzisha shirika lililomwezesha Giles na wengine kama yeye kuishi kwenye nyumba za kawaida badala ya wodi, akagharimia shule ya watoto wenye usonji, na akachangia utafiti. Giles alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Kabla ya kifo chake alikuwa na nyumba yake, na wahudumu waliomjua.

Nimeona pia kwamba sera ya kampuni ilibadilika maneno kadiri maisha ya wafanyakazi yalivyobadilika. Mwanzo ilisema ni kazi kwa wanawake wenye watoto. Kisha ikaonekana kuna wanaouguza mume au kutunza mzazi mzee, nao hawawezi kwenda ofisini. Sera ikapanuliwa kuwataja wote wenye wanaowategemea. Hakuna aliyekaa akatunga nadharia. Watu walikuja na hali zao na maandishi yakafuata.

Sheria iliyowaingiza wanaume

Mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kazini. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama wale ambao barua zao hazikujibiwa. Lakini katika kampuni ya Shirley ilikuwa na matokeo ya aina yake: sera ya kuajiri wanawake ikawa kinyume cha sheria. Kati ya watu 300 wa kwanza wa kampuni, 297 walikuwa wanawake. Sasa milango ilipaswa kufunguliwa kwa wanaume pia, na ikafunguliwa.

Je, alipoteza? Wengine huona hivyo. Mimi sioni. Kufikia hapo kampuni haikusimama tena juu ya wazo la kuwasaidia wanawake. Ilisimama juu ya namna ya kufanya kazi, na namna hiyo ilimfaa baba mwenye mzazi mgonjwa kama ilivyomfaa mama mwenye mtoto mchanga. Sera iliyokuwa ikiwataja wanawake wenye wanaowategemea ikataja watu. Neno moja lilibadilishwa, na mashine ikaendelea.

Kilichobaki nakisema kwa kifupi, kwa kuwa kimesimuliwa sana. Miaka ya 1980 alikabidhi uendeshaji kwa mwanamke mwingine, Hilary Cropper. Robo ya kampuni aliiweka mikononi mwa wafanyakazi, bila wao kutoa senti. Mwaka 1993 alistaafu akiwa na miaka 60. Mwaka 1996 kampuni iliingia kwenye Soko la Hisa la London, na thamani ilipopanda, wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Alikuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza, na mwaka 2000 Malkia akamtunuku cheo cha Dame, heshima ambayo kwa wanaume ni Sir. Fedha zake nyingi alizigawa akiwa hai.

Kuhusu hisa niseme neno moja. Wale 70 hawakuwa wakurugenzi peke yao. Walikuwamo walioanza kwa penseli kwenye meza ya jikoni, waliolipwa kwa kazi, waliopita ile njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 bila kuondoka. Lile pengo nililolieleza juu, la mtu anayelipwa kwa kazi na asiye na akiba, kwao lilizibwa kwa njia ya umiliki. Lilichelewa mno, na wengi waliokuwepo mwanzoni walishaondoka. Ila lilizibwa na mtu ambaye hakulazimishwa na sheria yoyote.

Jina la Steve hakuliacha. Angeweza kuliacha mapema, maana kufikia miaka ya 1980 hakuna mteja asiyejua Steve Shirley ni nani. Wafanyakazi wake walimwita Steve, marafiki walimwita Steve, na ndivyo walivyokuwa wakimwita hadi alipofariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.